Storage moja kwa server zote: nilivyopoteza sauti ya mzee wa Kifanya

Wakuu, heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo. Hili sijawahi kulisema popote, na sitaongeza chumvi.

Miaka ile redio binafsi zinachipua mikoani, nilikuwa mtu wa IT kwenye redio moja ndogo, Njombe. Mwenye redio alikuwa tajiri wa malori Makambako. Mtu mwema, ila kompyuta hakuzijua.

"Wewe ndiye msomi, chagua," aliniambia.

Tulikuwa na server mbili zinazoendesha VM, yaani kompyuta kadhaa ndani ya mashine moja. Ili server moja ikifa nyingine ipokee kazi, VM zinatakiwa zikae kwenye storage ya pamoja, kwenye network.

Nikachagua NAS moja, boksi la disk linalokaa kwenye network. Ina RAID, disk moja ikifa data inabaki. Nikajiona nimemaliza.

Mtewele, fundi mitambo wetu, hakuwa na cheti chochote. Akauliza kitu kimoja tu: "Kaka, server zipo mbili. Hilo boksi likifa je?"

Nikamcheka. Mbele ya watu.

Tukahamishia humo kila kitu, pamoja na rekodi za kipindi cha wazee, hadithi na nyimbo za Kibena. Disk za zamani zenye nakala nikaagiza zifutwe, ziwekwe matangazo. Mtewele alisita, akafuta. Bosi wake nilikuwa mimi.

Masika radi ikapiga (Njombe mnaijua), na earth yetu, waya wa kupeleka umeme ardhini, ilikuwa mbovu. Tulipowasha tena, server zote mbili zikawaka. NAS haikuwaka. Disk zake tukazipeleka Dar, zikarudi na jibu moja: hakuna kitu.

Redio ilirudi hewani siku ya tatu. Tajiri alinisamehe. Nikadhani yameisha.

Wiki chache baadaye akaja mama mmoja kutoka Kifanya, kajifunga kitambaa cheusi kichwani.

"Kamwene, mwanangu." Baba yake, mmoja wa wale wazee, alikuwa amefariki. Aliomba wimbo ambao mzee aliuimba redioni. "Wajukuu walioko Dar hawakuwahi kumsikia."

Nikamweleza nilivyoweza. Akauliza, "Kwa hiyo alikuwa humo kwenye chombo?"

"Ndiyo, mama."

"Nacho kimekufa."

Mtewele ndiye aliyemsindikiza hadi stendi. Hakunisema hata siku moja. Bora angenisema.

Wakuu, storage ya pamoja inakuokoa server ikifa, basi. Siyo backup, na RAID nayo siyo backup. Hela ikiwepo, chukua yenye controller mbili, moja ikifa nyingine inaendelea, au NAS mbili zinazonakiliana. Isipokuwepo, weka nakala kwenye disk ya kawaida, jengo lingine. Na fundi akikuuliza swali, mjibu kabla hujacheka.

Mliopitia kama haya, shusheni uzoefu wenu hapa chini.

Na kama kwenu Njombe au Makambako kuna mtu alikuwa anarekodi redio kwa kanda miaka ile, naomba mpekue makabati. Kipindi kilikuwa Jumapili mchana. Mama yule bado yupo.