Mama Dorca na Benchi la Alhamisi

Alizaliwa mwaka 1958 chini ya vilima vya Nyakach, si mbali na Katito, akiwa pacha wa pili. Ndiyo maana akaitwa Adongo, jina ambalo Wajaluo humpa pacha wa kike anayefuata. Apiyo, pacha aliyemtangulia, alikufa kwa homa kabla ya kubatizwa, kwa kuwa zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Mama yao hakuchoka kumwambia aliyebaki, "Wewe unaishi kwa ajili ya wawili." Alibatizwa Dorca, akaolewa, akawa mjane mapema, na waumini wakamchagua kuongoza maombi ya Jumapili. Sauti alikuwa nayo, jamani. Hata waliosinzia nyuma walimsikia.

Mwezi Machi 2017, alfajiri, jirani yake Benta alijifungua mbele ya mlango wa zahanati uliofungwa kwa kufuli, na mtoto hakuishi. Jumapili iliyofuata Dorca alisimama kuwaombea wagonjwa kwa majina, kama ilivyo desturi. Safari hii hakuishia kwenye jina. "Tunamwombea Benta, aliyezalia nje kwa sababu muuguzi Rachael hakuwapo." Rachael alikuwa ameketi benchi la tatu. Alitoka akilia, na Jumapili mbili hakuonekana.

Katekista Walter alimwonya: "Mama, sala si baraza la chifu."

Dorca akamjibu, "Baba, nimwambie Mungu mtu anaumwa, halafu nimfiche kinachomuumiza? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Jibu zuri, nasi tunalikariri hadi leo. Ila alikuwa amekosea, na yeye mwenyewe hakutaka tulifiche hilo. Alipokwenda kumtafuta Rachael, alikuta muuguzi mmoja kwa vijiji saba. Friji ya chanjo ilikuwa imeharibika, na alfajiri ile Rachael alikuwa njiani kwenda Ahero kuwachukulia watoto chanjo. "Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza," Rachael alimwambia.

Jumapili iliyofuata Dorca alipiga magoti mbele ya wote. "Nilimshtaki binti yetu kwa Mungu kabla ya kumwuliza yeye. Nimekosa." Kisha akainuka. "Na tunawaombea wanaojua kwamba yuko peke yake na hawamleti wa pili."

Baada ya ibada alibeba benchi la kanisa, yeye na Benta, hadi veranda ya zahanati. Kila Alhamisi watu waliketi hapo, muuguzi akisema kinachokosekana, wagonjwa wakisema walipoumizwa, na barua ikaandikwa palepale kwenda kaunti. Tisa hazikujibiwa. Kwa ya kumi afisa alikuja, akauliza ni nani aliyewaruhusu kukutana hapo. Dorca alimsogezea nafasi. "Keti, Bwana. Anayeugua haombi ruhusa ya kusema." Afisa aliketi saa tatu nzima. Kabla ya Krismasi muuguzi wa pili alifika, na friji pia.

Dorca alifariki mwaka 2022 katika zahanati hiyo hiyo, Rachael akiwa amemshika mkono. Waumini husimulia kwamba siku ya mazishi yake kufuli la zahanati lilipotea, likatafutwa wiki nzima. Wengine huuita muujiza. Mimi nasema tu kwamba hakuna aliyenunua jingine, maana siku hizi mlangoni hakukosekani mtu.

Tumwige basi katika kuuliza kabla ya kushtaki, na tukikosea, tukiri mbele ya wale wale waliotusikia. Mwaka uliofuata mazishi hayo Benta alijifungua binti, safari hii ndani, akamwita Adongo. Wazee walipomwuliza jina la pacha limetoka wapi kwa mtoto mmoja, Benta aliwajibu, "Mwenzake alitangulia, pale mlangoni."