Ombok Juu ya Wote

Apondi hushona sare za shule mtaani Nyanchwa, na kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umeulalia mlima, alikuwa akionana na mumewe. Ombok alizikwa mwaka juzi, ila simu haikupata habari. Akifungua mtandao tu, huyo hapo juu ya wote, katika picha yake ya zamani, tumbo mbele, kofia kisogoni, akiwatangazia walimwengu: "Ndizi za Birongo zilinichokoza. Nimezimaliza." Apondi alikuwa akicheka puani, mguu ukikanyaga cherehani taratibu, na kitambaa cha bluu kikitiririka mapajani kama mto unaoelekea ziwani kwao.

Kisha mpwa wake, Valarie, akaishika ile simu.

"Aunty, mtandao unakupangia nini uone kwanza, na wewe umenyamaza tu. Siku hizi unajichagulia. Nimekuwekea mapya yatangulie."

"Mapya ni mazuri," Apondi akasema. Alidhani ni kama vitambaa.

Asubuhi mapya yakaja. Diwani mwenye suti alikuwa akikata utepe wa choo. Nabii aliuza maji ya bomba yaliyopata wokovu. Mama mmoja wa Nyamira alimtukana mkwewe kwa aya za Biblia. Apondi akashuka chini, chini zaidi, akapita harusi za watu na Krismasi za watu, mpaka kidole kikafa ganzi. Ombok hakuwepo. Marehemu angetoa wapi jipya?

Siku hiyo mtoto fulani alishonewa shati lenye mikono miwili ya kushoto.

"Valarie, nyara, binti yangu, mzee umemficha wapi?"

"Mzee gani?"

"Ombok."

Valarie akaichukua simu. Akaketi karibu yake, akamfungulia mpangilio mwingine: watu utakaowachagua ndio watangulie. Nyuso zikajipanga. Apondi akagusa mmoja tu.

"Na mimi je, Aunty?"

"Wewe tunakula sahani moja. Kaa huko chini."

Simu ikauliza: mtu huyu hajaandika lolote kwa muda mrefu, ungependa kuchagua mwingine?

"Hata akiwa hai alikuwa hivyo," Apondi akaiambia. "Anaingia jioni, anakula, ananyamaza. Na sikutafuta mwingine."

Akabonyeza hapana. Ombok akapanda polepole kutoka huko alikokuwa, na ndizi zake. Cherehani ikaanza kuimba. Diwani na choo chake wakangoja chini.