Nilisema Besi Ile Siyo Mkono wa Kaka Yangu, Sasa Anataka Tule Sahani Moja

Admin, ficha jina langu, ila usifiche kwamba nilikuwaga mtu maarufu. Mimi ni mzee wa huku Bunda, miaka imepita sabini, cheti sina, mama alisemaga nilizaliwa nzige walipokula mtama. Kusoma sijui. Elimu ya watu wazima ilinikuta nimekaa nyuma napiga mluzi. Haya nayasema tu kwenye simu, wewe ndiyo unahangaika kuyaandika. Pole.

Nilipendaga muziki mzito. Siyo huu wenu wa kunong'ona kama mgonjwa. Nasema ule wa besi ikilia ukumbini Musoma, wewe uko nje huna kiingilio, na chai ya mama muuza chai inatetemeka kwenye kikombe. Miaka ile tulishahamia kijiji cha ujamaa. Dansi likiwepo natoka na baiskeli, narudi macho mekundu, moja kwa moja shamba la pamba la kijiji. Wenzangu wanachuma, mimi nasimulia: gita la solo liliingiaje, tarumbeta lilikosea wapi, mwimbaji alikohoa lini. Watu wakawa wanachuma haraka ili wanisogelee wasikie. Mwenyekiti wa kijiji akaona, akasema huyu asichume, aongee, na ahesabiwe amefanya kazi. Nani mwingine Tanzania hii alilipwa jasho kwa kuongea? Wanasiasa muwaache pembeni.

Basi nikawa Mkaguzi, ndilo jina walinipa. Mwenye duka Bunda akileta santuri mpya ananiita nisikilize kwanza. Nikisema nzuri, zinaisha. Nikisema mbaya, anafunikia sukari. Kuna mpiga ngoma mmoja nilisema anapiga kama anafukuza kuku kwenye mtama. Bendi yake ikamtoa. Nilicheka sana siku ile.

Sasa sikio hili nilipewa na kaka yangu mkubwa. Mzee wetu alipigaga litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi, na kaka akajifunza kwake, na mimi nikakaa miguuni pao nasikiliza. Kaka akaenda Musoma, akaingia bendi, akapewa besi. Akaipiga kama litungu, kwa dole gumba. Lilikuwa linakwaruza waya kidogo ndiyo linagonga. Ungenifunga macho ningemjua kati ya watu mia.

Bendi yao ikaenda Dar es Salaam kurekodi. Santuri ilipofika, mzee wetu akachinja dume. Wakaja na wakwe watarajiwa kutoka upande wa Butiama, maana kaka alikuwa anataka kuoa kwao na ng'ombe wa mahari walishaonwa. Tukaazima gramafoni ya betri, santuri ikazunguka. Ilipoisha, mzee akasema Mkaguzi atoe neno.

Nikasimama na sifa zangu. Nikasema, "Besi nzito, nzuri kabisa. Ila siyo mkono wa kaka."

Wakadhani utani wangu ule. Wakairudia. Nikasema tena, dole gumba liko wapi? Huyu ni mtu wa mjini, laini kama siagi. Wote wakamgeukia kaka. Yeye akamwangalia mzee wetu, akainamisha kichwa. Baba wa binti akachukua fimbo yake, akasema yeye mwongo hampi mtoto, wakaondoka nyama ikiwa bado jikoni.

Kesho yake kaka akaja mlangoni kwangu. Akasema, "Mimi na wewe kula chungu kimoja, basi tena." Akahamia Makoko, kule ziwani, akawa mvuvi, besi hakushika tena. Hii ilikuwa kabla ya vita ya Uganda, na mpaka leo hatujasalimiana. Kwetu ndugu mkishasema neno hilo hamzikani. Mpaka mle ugali sahani moja mbele ya wazee, na aliyeumizwa ndiye anasema anataka nini.

Wiki iliyopita alikuja binti yake. Baba yake amevimba miguu, hali siyo nzuri. Akaniambia, "Baba mdogo, baba anasema alipiga yeye. Kule Dar kwenye kurekodi walimkataza dole gumba, walisema ni mambo ya zeze la kijijini, wakacheka. Siku ile angesemaje mbele ya babu kwamba walicheka litungu lake?"

Anachotaka kaka ni niseme mbele ya wazee kwamba mkono ule ni wake. Basi.

Binti akautafuta wimbo kwenye simu yake, upo mpaka leo. Nikausikiliza mpaka sikio likapata moto. Nasikia mtu wa mjini. Halafu najiuliza, mtu aliyekatazwa mkono wake atasikika vipi? Hilo sikuwahi kukagua. Au kaka anatafuta tu kufa na jina zuri? Sijui, na mimi sikuzoea kusema sijui.

Nikisema ni yeye wakati sikio linakataa, nitakuwa kama nyie vijana mnaobandika vile vialama vya moto kwenye simu chini ya kila wimbo hamjausikiliza. Nikikataa, watamzika Makoko mimi nimesimama barabarani kama mpita njia. Na kama ni kweli alipiga yeye, basi mke yule wa Butiama nilimnyima mimi, na besi nilimnyang'anya mimi, kwa kujisifu tu mbele ya sahani ya nyama.

Wazee wameshaitwa, Jumamosi nasubiriwa. Usingizi hauji. Nyie mnaojua muziki, na nyie mnaojua ndugu, niambieni nikifika pale niseme nini? Wa kunicheka mnicheke, ruhusa. Ila mnijibu kwanza, maana kaka hana muda.