Salamu za Erasto Zilizojituma Zenyewe

Erasto tunakaa naye meza moja kwenye ofisi ya ushirika hapa Newala, na nitasema ukweli: ni mvivu wa salamu. Siku nzima tunachati kwa kompyuta na wenzetu wa Masasi, na huku kwetu huwezi kuuliza habari za magunia ya korosho kabla hujaamkia. Basi akaiandikia ile programu ya kuchatia mistari ya amri: dirisha la mtu likifunguka tu, salamu iende yenyewe. Wakubwa, shikamoo. Mahmudu wa Masasi, Myao, mtani wake wa siku nyingi, akawekewa utani: "Leo mnazika nani huko?" Mahmudu hucheka, anarudisha ya kwake, kazi inaendelea.

Jumanne asubuhi tukasikia mama yake Mahmudu, Bi Ziada, amelazwa, hali mbaya. Kwa mama yule Erasto hula kila akishuka Masasi. Akafungua dirisha ampe pole Mahmudu. Jamani, lile dirisha halikujali nani kalifungua! Kabla hajagusa herufi, utani ukaenda.

Mahmudu akausoma. Jina lake likazimika.

Sijawahi kuona mwanamume akitoka jasho vile. Nikamwambia ampigie simu. Akauliza, atasema nini? Nikamwambia basi apande gari, maana likitokea la kutokea, mtani ndiye wa kuzuia jeneza na kuwachekesha wafiwa. Akasema kwa uso gani? Ngoja kwanza aifute ile amri. Akaifuta, akaikagua programu nzima, akaijaribu kwa watu kumi, huku simu kaifunika mezani. Nilikasirika, nikamwita mwoga mbele ya watu. Chai hakunywa. Kompyuta ikilia tu, anashika kifua. Hata mimi roho haikutulia, maana urafiki ule ni wa miaka kumi na miwili.

Saa kumi na moja jioni dirisha la Mahmudu likafunguka. Erasto akafumba macho, akaniambia, "Dada Scholastika, nisomee wewe."

Nikasoma kwa sauti.

"Mama alitutoka saa tatu asubuhi. Tumemzika alasiri. Ule utani wako niliuona, nikajua umeshapanda gari. Tuliliweka jeneza chini njiani, tukakungoja."