Mkono Uliomtoa Truphena Kizimbani

Truphena alizaliwa mtu wa kushoto, na mamake hakumsamehe kwa hilo. Huku Muhuru Bay, kando ya ziwa, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumtukana, basi mama aliufunga mkono ule kwa kitambaa mpaka mtoto akajifunza kula, kusalimia na kupimia wateja kwa kulia. Sindano ndiyo iliyomshinda. Ufuoni alianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwa kulia kama wenzake, lakini magunia aliyashonea nyumbani, mlango umefungwa, kwa mkono wa aibu. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu na hakutaka maneno ya watu.

Siri hiyo, nje ya watoto wake, aliijua mtu mmoja tu: Nyangi, mama wa Kikuria aliyenunua omena kwake na kwenda kuziuza sokoni Kegonga. Mvua ilimzuia kurudi siku moja, akalala kwa Truphena, akamkuta anashona. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe ndio maana gunia zako zinanisumbuanga kufungua! Uzi yote imelala upande mbaya!"

Akaapa hatasema, na hakusema.

Mwaka wa tisini na saba, uchaguzi ukikaribia, askari mmoja mgeni, ambaye hakuwa ameambiwa nani haguswi, alisimamisha lori barabara ya Kegonga. Chini ya omena akakuta risasi. Kila mwenye masikio alijua mzigo ule ni wa Gisiri, diwani aliyewapa silaha wezi wa mifugo na kuvusha ng'ombe wao mpakani, huku wakubwa fulani serikalini wakila naye sahani moja. Lakini watu wa namna hiyo hawaendi jela wenyewe, hutafutiwa mtu. Dereva akafundishwa la kusema. Kesho yake Truphena akachukuliwa ufuoni, omena zake zikabaki juani, kwa sababu magunia yale yalishonwa kwa uzi wa buluu wa nyavu, na yeye alijulikana kwa uzi huo. Uzi wenyewe uliuzwa kila duka! Wakili hakuwa naye. Mahabusu wenzake walimwambia ajiandae kwa miaka mingi, na yeye alichowaza ni nani angewalisha watoto.

Gisiri alitaka kesi isiwe na nafasi ya kuponyoka. Akaenda kwa Nyangi na kilo nne za sukari.

"Mama, wewe ni mtu wetu," alimwambia. "Sema tu hizo gunia ulikuwa unapokea kwa huyo Mjaluo. Kura imefika. Utatuaibisha juu ya mtu wa ziwa?"

"Nimesikia, mheshimiwa," Nyangi akajibu, akapokea sukari. Gisiri, kwa kuzoea kutiiwa, akaenda zake ameridhika.

Siku ya kesi mjini Migori, Truphena alimwona Nyangi akiitwa kama shahidi wa upande wa mashtaka, na Gisiri akitabasamu benchi la nyuma. Akaona amekwisha. Inspekta aliyeendesha mashtaka akamwonyesha Nyangi yale magunia.

"Unayatambua?"

"Uzi ni kama yake. Mkono si yake."

"Mkono gani?"

Nyangi akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, mpatie sindano ashone moja hapa. Hii ingine ni ya kwake ya mwaka jana, nimetoka nayo dukani kwangu." Akatoa kikapuni gunia kuukuu, mdomo bado umeshonwa nusu.

Inspekta akapinga. Hakimu akasema sindano iletwe.

Truphena akatazama watu. Wanawake wa ufuoni walikuwepo, mama mkwe wake alikuwepo, na wote hao alikuwa amewaficha miaka ishirini.

"Shona vile unashonanga kwako, dada," Nyangi akasema. "Usiogope sisi."

Machozi yakamtoka, akaishika sindano kwa kushoto. Watu wakaguna. Alipomaliza, hakimu akayaweka magunia matatu sambamba na kupitisha kidole juu ya mishono. La Truphena na lile kuukuu, nyuzi zililala upande mmoja. La risasi, zililala upande mwingine. Aliyemwigiza alinunua uzi sahihi, asijue kuna mkono wa kuigiza pia.

Truphena akaachiliwa. Gisiri na wakubwa wake hawakuulizwa hata jina, na mimi jambo hilo bado linanikera. Kabla ya mwezi kwisha, ng'ombe wote wanne wa Nyangi walichukuliwa mchana kweupe. Nyangi hakumtajia Truphena, ambaye habari alizipata kwa wachuuzi wengine. Alilia kuliko alivyolia mahabusu, kwa kuwa hakuwa amewahi kupendwa hivyo na mtu asiye wa damu yake.

Alipopata omena za kwanza akazipeleka Kegonga mwenyewe, zile kubwa za kung'aa. Soko lilikuwa limejaa.

"Erokamano, Nyangi," akasema kwa Kiluo, kwa sababu Kiswahili hakikumtosha kushukuru. "Watoto wangu wako na mama juu yako."

Akampa furushi kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote. Wanawake wa meza za jirani wakasubiri kuona tusi hilo litajibiwaje.

Nyangi akafuta mikono kwenye leso, akanyoosha wake wa kushoto, akapokea.