Boti ya Wagonjwa

Bi Hindu, mshonaji wa kofia wa Langoni, hakuwa mtu wa kumeza neno. Mwakilishi wa wadi wa wakati ule, Austin, mtu wa kuja kutoka bara, alipoichukua boti ya wagonjwa akawatembeza wageni wake kisiwani Manda, Bi Hindu alitema mate kizingitini. "Hana haya, hana dini!" Tangu siku hiyo hakuitikia salamu yake. Uchaguzi ulipofika, alizunguka nyumba kwa nyumba kumpigia debe Ghassan, mtoto wa kaka yake, na Ghassan akashinda.

Mwaka uliofuata Ghassan aliozesha binti. Siku ya harusi wageni walitua Manda kwa ndege, na Bi Hindu akatumwa kuwapokea. Boti iliyowavusha ilikuwa ileile ya wagonjwa, machela imesukumwa chini ya viti, masanduku ya bibi harusi yamepangwa juu yake. Aliiona. Akaketi, akatengeneza buibui lake. Siku nzima boti ilikwenda na kurudi.

Siku ya tatu jirani yake, Ruba, alimkuta akila halua iliyobaki harusini.

"Umesikia ya kule kijijini Mkokoni? Fahima, mke wa mvuvi mmoja, alishikwa na uchungu siku ile ya harusi. Mtoto amekaa vibaya. Wakapiga simu kuita boti tangu asubuhi, boti haikwenda. Mtoto amekufa."

"Inna lillahi." Kisha, upesi: "Lakini Ghassan hakujua, Ruba. Na kuoza mwana ni mara moja. Nani asokosa?"

Ruba alimkazia macho. "Na Austin? Yeye alimuua nani?"

Halua ilimgeukia mdomoni. Aliitema kiganjani, akaitazama, akayarudia moyoni yale maneno aliyoyasema kwa wepesi namna ile. Alivaa buibui akaenda kwa Ghassan.

"Shangazi, hayo ni ya Mungu," Ghassan alisema, akitabasamu. "Na wewe si ulikuwamo botini?"

"Nilikuwamo. Na ndivyo ntakavyosema."

Maafisa wa serikali walipokwenda Mkokoni kufanya mkutano na kuuliza habari za kifo kile, Bi Hindu aliwafuata. Alisimama mbele ya Fahima akasema yote: nani aliichukua boti, nani aliipanda, machela ilikuwa wapi. Fahima alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa mgongo. Ghassan alipewa onyo, akabaki na kiti chake. Jamaa hawakumwalika tena Bi Hindu kwenye shughuli zao.

Austin naye alikuwapo mkutanoni siku ile ya Mkokoni. Alimsogelea kwa adabu. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba," alijibu, kwa mara ya kwanza. Lakini alipomtazama usoni, kinyaa kilekile cha zamani kilimpanda kooni, ambacho hata sasa hakikumpanda hivyo kwa Ghassan. Alijua yupi kati yao aliyefanya baya zaidi. Akageuka haraka asionekane, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akijichukia.