Maji Waliyonawia Wachunguzi

Nilipomaliza kidato cha nne, wenzangu walikwenda Nairobi, wengine Nakuru, na mmoja akafika mpaka Mombasa akatutumia picha amevaa miwani ya jua. Mimi nilikwenda mpaka jikoni kwa Mama nikaona panatosha. Hakuna aliyenizuia kutoka. Nilipenda tu kukaa karibu na moto, kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari, na kutoa maoni juu ya mambo ya taifa kwa kuku na kwa Mama, kwa mpangilio huo. Kaka zangu wakija likizo walikuwa wakiniuliza, "Wee, bado uko? Tulidhani hata wewe siku moja utachoka na moshi." Sikuchoka.

Kwa hiyo redio iliposema kwamba serikali imeunda tume ya kuchunguza ufisadi, nilikuwa mahali nilipokuwa siku zote, nikimenya viazi. Nilicheka mpaka kisu kikanikata kidole. Miaka ile serikali yetu ilikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Ikibanwa kidogo inaunda tume, tume inanunuliwa magari, magari yanakwenda huku na huko yakitimua vumbi, kisha ripoti inaandikwa na kufungiwa kabatini, na aliyeifungia anapandishwa cheo. Sasa wezi walikuwa wameamua kumtafuta mwizi. Nilimwambia Mama hivyo, nikajiona nina akili sana.

Mama hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Watafika huku kwetu?"

Walikuwa wafike. Redio ilisema watakaa Kiriaini siku moja, waje upande wetu wa Nyeri, halafu waende Kagio. Mama aliweka chini mwiko. "Basi mimi nitasema," akasema.

Alichotaka kusema kilijulikana na kila mtu katika kilima chetu. Miaka michache kabla, tulichimba mtaro wa maji wenyewe. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake kwa vigingi, na ukishindwa kumaliza kipande chako mtaro mzima unakusubiri na watu wanakutazama kanisani. Baba alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma. Mama alichimba kipande chetu, akachimba na cha nyanya aliyekuwa hawezi kuinama, huku akiwa mjamzito wa mdogo wetu wa mwisho. Bomba likalazwa, maji yakafika kwenye mfereji wa wote pale karibu na kanisa. Tuliyafurahia mwaka mmoja na nusu. Kisha mfereji ukaanza kukohoa, ukatema matone, ukanyamaza.

Haikuhitaji tume kujua yalikokwenda. Mwenyekiti wa kamati ya maji aliyekaa juu ya kilima alikuwa amelikata bomba kubwa na kuliingiza kwake. Ng'ombe wake wa gredi wakaoga. Ua wake ukaota nyasi za kijani mwezi wa pili, wakati kilima kizima kina rangi ya buni iliyokaushwa. Mama naye akarudi kwenye kamba yake ya kichwani, ile inayokazwa pajini kushikilia mtungi mgongoni, kushuka mtoni na mtungi mtupu na kupanda na mtungi uliojaa, mara tatu kwa siku. Alitaka maji yarudi kanisani, basi. Hakutaka mtu afungwe.

Sheria ya tume ilikuwa kwamba mwenye malalamiko alete maandishi yaliyopigwa taipu, nakala tatu, yakiwa na muhuri wa chifu kuthibitisha kwamba yeye ni mkaaji wa hapo. Yaani ukitaka kumshtaki rafiki wa chifu, kwanza umpelekee chifu asome. Sijui aliyebuni jambo hili alikuwa mjinga au alikuwa mwerevu sana. Mimi niliandika. Mama alinipa sentensi mbili: "Mwenyekiti ameiba maji yetu. Kateni bomba lake mrudishe kanisani." Niliziona fupi mno kwa serikali. Nikatangulizia "kwa heshima na taadhima", nikaongeza "tunaomba ofisi yako tukufu", nikajaza ukurasa mzima. Tulikwenda kwa miguu hadi Ruring'u, kwa mpiga taipu aliyekaa nje ya duka la viatu, naye akanisifu kwamba ningeweza kuwa karani. Nilirudi nyumbani nikiwa na kichwa kikubwa kuliko mtungi.

Chifu alisoma akiwa amesimama. Tulimtazama midomo. Alipomaliza alipiga muhuri mara tatu, kwa nguvu, kama mtu anayeua siafu.

"Ni haki yako, Mama," akasema. Halafu akanigeukia. "Nani aliandika hii? Ni wewe?"

"Ni mimi, Chifu."

"Ati wewe? Na huwa tunaambiwa wewe ni wa kukaa na kuku!" Alicheka, na mimi nikacheka naye, ndivyo nilivyo. "Uko na Kiswahili mzuri ya shule. Hawa wageni hawajui Kikuyu. Utakuwa mkalimani."

Tulipotoka Mama alisema, "Mungu amesaidia. Maneno yangu yatapita kwa mdomo wa mtoto wangu." Mimi nilikuwa nikifikiria nguo nitakayovaa.

Zikabaki siku mbili, na hapo ndipo chifu na wazee wake walipogundua shida. Kwetu mgeni hawezi kuja akaenda na tumbo tupu, hata akiwa amekuja kukufunga. Wachunguzi lazima wachinjiwe mbuzi, wapikiwe mukimo wa viazi na mahindi, wanywe chai, wanawe mikono kabla na baada. Lakini kwenye ofisi ya chifu hapakuwa na tone la maji. Kanisani hapakuwa na tone. Shuleni watoto walikuwa wakibeba maji ya chupa kutoka kwao. Wazee walikaa, wakafikiri, wakaona kilima kizima kina nyumba moja tu inayoweza kupokea wageni wa serikali.

Hivyo ndivyo tume ya kuchunguza ufisadi ilivyokuja kuketi katika ua wa mwenyekiti wa maji, juu ya nyasi zake za kijani. Na hakuna aliyeona ajabu! Watu walisema tu, "Afadhali huko, kuna maji."

Walikuja watatu na karani wao. Mkubwa wao alikuwa mzee mnene aliyepumua kwa mdomo. Alikuwa na mama mmoja mwenye kalamu tatu kifuani, na bwana kijana aliyelala kabla hajasalimiwa. Mimi nilibandikwa utepe mwekundu kifuani kwa pini. Nilijitazama kwenye kioo cha gari lao mara mbili. Wananchi waliketi kwenye jua nje ya hema la wageni. Mama alikuwa mstari wa mbele, na nakala moja imekunjwa ndani ya leso; zile mbili chifu alisema atazifikisha mwenyewe.

Kabla ya kazi, chakula. Mwenyekiti mwenyewe, amevaa koti, aliwaongoza wageni kwenye mfereji wa shaba uliong'aa kando ya maua. Mimi nilipewa taulo nishike.

"Ala! Baridi kama ya friji," akasema yule mkubwa, akisugua vidole. "Nyinyi mmebarikiwa huku."

"Ni ya mlima, mheshimiwa," mwenyekiti akasema. "Hatuna shida ya maji sisi."

Nikampa mheshimiwa taulo. Alijifuta, akanirudishia, akaniambia asante binti. Nikamwambia karibu. Nilikuwa nimekaribishwa meza ya wageni pia, kwa sababu ya utepe, na sitadanganya: mbavu zilikuwa laini, na mwenyekiti aliniongezea kwa mkono wake. "Kula, mwalimu. Kazi ya kutafsiri ni kubwa." Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Nilitafuna huku nikikwepa kutazama upande wa jua.

Baada ya chakula wakaanza. Mzee mmoja alilalamika juu ya mbegu, mwingine juu ya barabara. Yule kijana aliamka, akalala tena. Kisha karani akaita jina la Mama. Alisimama, hakufungua hata ile karatasi. Alizungumza Kikuyu, polepole, kama anayenipa nafasi niokote kila neno.

"Mwambie," akasema, "maji aliyonawa leo ni yangu. Niliyachimbia nikiwa na mimba. Huyu aliyemkaribisha ndiye aliyeyaiba, na bomba limepita chini ya kiti alichokalia. Mwambie ainuke atazame."

Watu wote nje ya hema walielewa kila neno, na mwenyekiti alielewa, na chifu alielewa. Wasioelewa walikuwa wanne tu, nao walikuwa wananitazama mimi. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, nami nikinusa mafuta ya nyama mikononi mwake, au labda yalikuwa ya mikono yangu.

"Anasema nini?" mkubwa akauliza.

Nikasema, "Mheshimiwa, anashukuru kwa kuja kwenu. Anasema kuna shida kidogo ya maji."

Nje mtu mmoja alipiga mluzi. Mwanamke mwingine akasema kwa sauti, "Haiya! Huyu amemeza ulimi pamoja na mbavu!" Watu wakacheka, na mkubwa wa tume naye akacheka, akidhani ni furaha ya wananchi.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alikuwa muuza mboga sokoni. Neno "kidogo" alilijua kuliko mimi. Alinitazama, kisha akamgeukia mkubwa.

"Hapana kidogo!" akasema kwa Kiswahili chake. "Maji yote! Yeye naiba! Chini ya kiti!"

Mkubwa aliinama akatazama chini ya kiti chake. Hakuona kitu. Yule mama wa kalamu tatu aliniuliza, "Mkalimani, kuna kitu umeacha?"

Aliniuliza vizuri, kwa upole, na kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nililipata swali nililolihitaji, likiwa limesafishwa na kuwekwa mbele yangu kama sahani. Nami nikasema, "Hapana, mama. Ni hivyo tu. Ni uzee."

Mama hakuwa na miaka hamsini.

Mkubwa wa tume alieleza kwa huruma kwamba uhaba wa maji hauko katika hadidu za rejea za tume. Tume inachunguza ufisadi. Maji apelekewe mkuu wa maji wa wilaya. Niliyatafsiri maneno hayo yote kwa Kikuyu, bila kuacha hata moja. Kwa upande huo nilikuwa mkalimani hodari.

Tulirudi nyumbani tukifuatana, yeye mbele. Nilitoa utepe nikautia mfukoni. Nilikuwa na maelezo mengi: ningesema nini na mwenyekiti yuko mgongoni, chifu angetunyima vitambulisho, hata hivyo tume ni mchezo tu, si nilisema tangu mwanzo? Hilo la mwisho nililishika sana. Nilikuwa nimeidharau tume tangu siku ya viazi, na nilitaka dharau ile inisaidie. Lakini tume ya wajinga ilikuwa imeuliza, na mjuaji ndiye aliyenyamaza. Wale watu walikuwa wa ovyo, bado nasema. Walikula mbuzi wa mtu waliyekuja kumchunguza na kumsifia maji. Ila hawakupata hata nafasi ya kutuangusha. Niliwahi mbele yao.

Mama alisema mlangoni tu. "Ungesema hujui kutafsiri," akasema. "Ningemwita hata mtoto wa shule."

Miezi ikapita. Ile tume ilivunjwa kama zilivyovunjwa nyingine, lakini kabla ya kufa ilitoa kijitabu, na chifu alituletea ukurasa wetu kwa mkono wake, akitabasamu. Mama alikuwa akifunga mzigo wa sukuma wiki. "Nisomee," akasema.

Niliusoma. Ulikuwa mstari mmoja: wananchi wa sehemu hii, kupitia mkalimani, walieleza kwamba wana shida kidogo ya maji.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo, hiyo ndiyo imebaki serikalini," akasema. "Hata nikifa, wataisoma hivyo."

"Ndiyo, Mama."

Chifu alikuwa bado amesimama mlangoni, akingoja chai. Mama alimtazama, akanitazama mimi, akasema chai haipo kwa sababu maji hayajaja. Kisha akavuta kigoda karibu na meko, akanivulia kamba yake ya kichwani na kuinyoosha, akapima urefu wake kwenye paji la uso wangu, akaikaza fundo moja.

"Mtoni ni mara tatu," akasema. "Ukianza sasa, ya kwanza utaimaliza kabla jua halijawa kali."

Chifu alisogea nipite.